Majimbi ya Vyurani

Harufu ya Vyurani haikuwa ikikungoja ufike. Ilitoka kuja kukupokea njiani, ikakushika pua, ikakufikisha ulikokuwa ukenda, na jioni ikarudi nawe mpaka nyumbani, mkeo akajua ulikopita kabla hujavua kofia. Mie nilikuwa nayo kila siku, kwa kuwa ndiyo kazi niliyopewa: mwangalizi wa mfereji wa Kibondeni. Cheo kikubwa hicho. Kilikuja na jembe, beleshi, na ruba wanne watano wa kubandua miguuni kila alasiri.

Mfereji wenyewe ulichimbwa mwaka wa hamsini na tano, kutoka chemchem ya juu mpaka kwenye bonde la mpunga, mwendo wa nusu saa. Ulichimbwa kwenye udongo mtupu, bila ya saruji wala jiwe, na udongo mtupu hauzuii maji. Sehemu ya maji ilifika bondeni kwenye mpunga, na sehemu ilivuja chini kwa chini upande wa mteremko, ikakusanyika kwenye kishamba cha bwana mmoja akiitwa Ame. Hakuna aliyeamrisha pawe na kinamasi pale. Kilijifanya chenyewe. Minazi saba iliyokuwapo ikaoza mizizi, ikadondosha vichwa, ikabaki imesimama kama nguzo za nyumba iliyomshinda mwenyewe kuijenga. Yakaota matete na makangaga. Wakaja vyura, ndiyo maana ya jina. Wakaja kambale, wakaja konokono, na mbu wa kutosha kumnyanyua mtu mzima na kitanda chake. Juu ya maji ukatanda utando wa kijani, mzito, wa kutikisika kama maziwa yaliyopoa. Ukiukanyaga unapasuka, chini yake linatoka povu, na povu nalo linashusha pumzi. Nisiendelee, huenda unakula.

Ame alipofariki hakuacha mtoto. Aliacha mke, Bi Mwanakhamis, na kaka mkubwa, Mkadam, na shamba moja refu linaloshuka kutoka barabarani, linakatwa na mfereji katikati, mpaka Vyurani. Sharia iko wazi: mke ambaye mumewe hakuacha mtoto anapata robo. Mkadam ndiye aliyeshika kamba ya kupimia. Alianzia juu, penye nyumba na mikarafuu, akashuka akipima kwa utulivu, hatua baada ya hatua, na robo ya mjane ikaangukia chini kabisa, ndani ya uvundo, pamoja na ile minazi isiyo na vichwa. Alipoulizwa kama hivyo ndivyo, alijibu, "Sharia imesema robo. Haikusema robo ipi."

Bi Mwanakhamis alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, asiyependa kulia mbele za watu. Alijifunga kanga mbovu kiunoni, akaingia kinamasini, akapanda majimbi. Na jimbi, bwana, ni kiumbe kisicho na kinyaa hata kidogo. Hapo ambapo mnazi unakufa, lenyewe ndipo linaponenepa. Haukupita mwaka majani yalikuwa mapana ya kumkinga mtu na mvua, na chini yake majimbi makubwa ya kujaza mikono miwili, meupe ndani, yakipikwa kwa tui zito yanayeyuka ulimini. Ramadhani ya kwanza kijiji kizima kilifuturu majimbi ya Vyurani. Ya pili vilevile, na yaliyozidi yakapanda gari la ng'ombe kwenda Marikiti, mjini. Asubuhi watu walipita shambani kwake wameziba pua. Jioni walituma sufuria. Mkadam naye alikula, na kila tonge lililopita kooni lilimkumbusha robo aliyoitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Baina ya Ramadhani hizo mbili Mkadam alikwenda mjini kwa jamaa yake wa mtaa wa Malindi, akaona choo cha kuvuta mnyororo. Unavuta, maji yanashuka kwa kishindo, kila kitu kinaondoka. Alirudi na habari ya choo kile kama mtu aliyerudi Maka. Alichosahau kuuliza ni kwamba hicho kinachoondoka kinakwenda wapi. Mjini kinakwenda pwani. Kibondeni pwani ni ipi? Akaniita nimchimbie karo, shimo la kupokea hicho kinachoondoka, hatua kumi juu ya mfereji. Mkewe, Bi Wanu, ndiye aliyekuwa akipanda ngazi na ndoo kujaza tangi, ili mume apate kuvuta.

Nilimwambia pako karibu mno. Kabla ya kuja shamba nilichimba makaro mjini, mtaa wa Ng'ambo, miaka sita, najua kinyesi kinavyotembea chini ya ardhi. Hakina haraka lakini hakikosi njia. Mkadam akanitizama kama wanavyonitizama watu wote waliosoma juzuu mbili zaidi kuliko mie.

"Maji ya mfereji ni mengi, Usi," alisema. "Maji yakishafika kulateni hayanajisiki. Wewe umesoma wapi?"

Kulateni ndicho kipimo tulichofundishwa chuoni: maji yakifika wingi huo, najisi ikiingia hayaharibiki, ila yakibadilika rangi, au harufu, au ladha. Hicho kipande cha mwisho Mkadam alikisahau, au aliona hakimhusu. Nikachimba, nikapokea ujira wangu, nikanyamaza. Nalitaja mapema ili usije ukanidhania mtu mwema.

Na ili choo kinuke kimjini alinunua finaili, ile dawa nyeusi inayogeuka maziwa ikitiwa maji, akawa anaimwaga asubuhi na jioni. Hakuna nyumba nyengine Kibondeni iliyokuwa nayo. Mgeni akija kwa Mkadam hapewi kahawa mpaka kwanza apelekwe akanuse.

Mwaka wa hamsini na tisa kaskazi ilikuwa kali. Maji ya chemchem yalipungua, na mpunga wa mwisho wa bonde ukaanza kugeuka rangi. Mwaka ule watu walikuwa hawaamkiani kwa siasa, lakini kwenye kuulaumu mfereji walikuwa kitu kimoja. Mkadam ndiye mwenyekiti wa kamati ya mfereji, na jibu alikuwa nalo tayari: maji yanaliwa na Vyurani. Ulikuwa ukweli nusu, na nusu hiyo ilimtosha. Kwanza alimwendea Bi Mwanakhamis kwa upole, akamtaka wabadilishane, yeye achukue kinamasi, naye apewe kipande kikavu kando ya barabara. Kipande hicho nakijua. Ukilima unatoa mawe, ukipalilia unatoa mawe. Bi Mwanakhamis akakataa. Ndipo Mkadam akaita mkutano.

Likapitishwa azimio kwamba upande wa chini wa mfereji uchimbwe mtaro, ushindiliwe udongo wa ufinyanzi, uvujaji ukome. Bi Mwanakhamis aliomba jambo moja tu. Ramadhani imebaki wiki tano. Wamngoje avune, kisha wazibe wanavyotaka. Hana karafuu, hana mnazi, hana mtoto wa kumtazama. Majimbi yakimfia, itambidi aiache robo yake kwa bei yoyote atakayotajiwa, aende Makunduchi kwa dada yake, akae barazani kwa watu mpaka afe. Aliyasema hayo kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia ya kisimani. Wakulima wa mpunga wakatazama chini. Mkadam akasema mpunga hauna subira ya wiki tano, na kwamba yeye kama shemegi hatomwacha aadhirike; kishamba kikishakauka atakichukua mwenyewe, amtue mzigo.

Kazi ikawa yangu. Nilipewa watu wanane. Tulichimba mtaro wa kufika kiunoni, hatua themanini kwa urefu, na siku ya tatu, tulipofika mkabala na nyumba ya Mkadam, udongo ukageuka. Ulikuwa mweusi, laini, unang'ara, unashikamana na beleshi kama ugali mbichi. Mmoja wetu akauinua puani, na aliyekuwa karibu naye akatapika kabla yake. Ndani ya ule uvundo mlikuwa na kitu chengine, kikali, kisafi, kama hospitali. Wote wanane wakapanda juu. Nilimwita Mkadam aje aone. Akaja mpaka hatua tano, akasimama, akaweka leso puani.

"Ni uoza wa Vyurani huo," alisema. "Fukia."

Nikafukia. Nikashindilia udongo wa ufinyanzi kwa mtwangio mpaka ukawa kama sakafu. Mikono ilinuka siku mbili; nilikosha kwa sabuni, kwa ndimu, kwa majivu, na mwishowe nikawa nakula kwa kijiko, jambo lililowafurahisha sana wanangu.

Vyurani ikaanza kufa. Nilidhani kinamasi kikikauka harufu itaondoka. Kumbe maji ndiyo yaliyokuwa yameifunika. Utando wa kijani ulishuka ukalala juu ya tope, ukapasuka vipande, ukakunjamana kama ngozi ya mtu aliyeungua. Kambale walijikusanya kwenye vidimbwi vilivyobaki, wakipandana migongo, vinywa juu, mpaka vidimbwi vikawa supu na wao ndio nyama. Kunguru wakaja kutoka mji mzima. Konokono walifungua milango yao wakaoza wakiwa wameegemea matete. Na katikati ya uchafu huo Bi Mwanakhamis alikuwa akipita na debe kichwani, kutoka kisima cha mbali, anamwagilia safu zake mbili bora, mjimbi mmoja mmoja, kata moja moja. Safu nyengine zilikwishakuwa manjano. Mkadam alikuwa akisimama barazani kwake, juu, akisema na wapita njia: hebu fikirini wenyewe, kilichoota mle ni cha kutiwa mdomoni? Kwa muda wa wiki mbili alisema hivyo kwa kila mtu, na watu walianza kutema mate wakipita.

Kumbe ardhi ilikuwa na shughuli zake. Kile kilichokuwa kikitoka karoni kwa Mkadam kilikuwa kikipita chini ya mfereji mwaka mzima, kinashukia Vyurani, na Vyurani, kwa matope yake na matete yake na mizizi ya majimbi, ikikila chote bila ya kumwambia mtu. Sasa mie nimekijengea ukuta. Kikafika ukutani, kikakwama, kikapanda. Na juu yake ndiko ulikokuwa mfereji.

Ilikuwa Ijumaa, siku tano kabla ya kuandama mwezi wa Ramadhani. Birika la msikiti wetu lilikuwa likijazwa na kijito kinachotoka mferejini. Kwa siku tatu Mcha, mzee anayetunza msikiti, alikuwa akilalamika kwamba maji yamepata rangi, watu wakimwambia ni majani ya mkungu yaliyoangukia ndani. Ijumaa ile nilifika nikakuta safu ya watu wamesimama nje ya birika na makata mikononi, hawachoti. Maji yalikuwa kama chai isiyotiwa maziwa. Juu yake palikuwa na mafuta mafuta, yanafanya duara za rangi rangi. Na ilikuwapo harufu ile. Ile ile ya mtaroni.

Mkadam alikuwa amekwishatangulia. Desturi yake kutawadha wa mwanzo, na kwenye jiwe la mbele, ili watu wamwone. Alikuwa amechutama pale anasukutua, mashavu yamejaa, anayazungusha maji mdomoni kwa bidii kama mtu anayetafuta sunna mpaka kwenye magego. Pua yake ilikwishaizoea harufu ile. Kwake yeye ilikuwa harufu ya nyumbani.

Mwalim Silima, imamu wetu, akachota kwa kiganja, akatazama, akanusa, akayamwaga taratibu. Akasema maji haya hata yakiwa mengi kuliko kulateni, dalili ni tatu. Rangi imebadilika. Harufu imebadilika.

"Ya tatu muulizeni Bwana Mkadam," alisema Mcha. "Yeye ndiye mwenye kujua ladha."

Hakuna aliyecheka. Maana wakati huohuo pua zote zilikuwa zimekwishafanya kazi yake, na katikati ya uvundo wa kinyesi wameikuta finaili. Kila mmoja wetu aliwahi kupelekwa nyuma ya nyumba ile akanuse. Vichwa viligeuka kimoja kimoja. Mkadam bado ameyashika maji mashavuni, macho yamemtoka mbele yetu, hajui ayateme au ayameze. Nilimwona akifahamu. Ilianzia machoni ikashuka, na ilipofika kooni alifanya sauti ambayo sijapata kuisikia kwa binaadamu, na maji yakatoka kwa mdomo na pua pamoja, na chakula cha asubuhi nyuma yake.

Hapo ndipo wengine wakaanza. Palikuwa na watu waliokuwa na siku tatu wanatawadhia maji yale, wanasukutua mara tatu tatu, sala tano kwa siku. Wakulima wa mpunga walikuwa wakisimama ndani yake mpaka magotini. Ua wa msikiti ukajaa wanaume walioinama, kila mmoja anashika ukuta wake. Mwalim Silima akangoja mpaka tulipotulia, akatupa hukumu kwamba kila aliyesali kwa udhu wa maji yale azirudie sala zote za siku tatu. Kisha akamwambia Mkadam, kwa adabu, kwamba najisi huondolewa na mwenyewe.

Basi karo tukalikomba sisi wawili, mie chini na ndoo, yeye juu na kamba, tukaenda kukizika kinyesi mbali, kwenye majabali. Alikuwa amejifunga puani kilemba kilichofukizwa ubani, na ubani ulifanya mambo kuwa mabaya zaidi, kama kuoga halwa juu ya jasho. Ndoo ya saba ilimmwagikia kifuani. Akakaa chini.

"Usi, ulijua?"

Nilimjibu kwamba nilimwita mtaroni akasema fukia. Akatapika tena, safari hii miguuni kwangu. Nikaona haki imetendeka kwetu sote wawili.

Kesho yake kamati ilipasua ule ukuta wa udongo mahali pawili, mfereji ukamwagwa ukasafishwa, na maji yakaanza kuvuja tena kuelekea Vyurani. Safu mbili za Bi Mwanakhamis zilikuwa hai. Za pembeni kidogo nazo zilirudi. Siku ya nne nikasikia chura mmoja, halafu mwengine. Nilikwenda kumpa habari, na mie nimejaa furaha kama niliyefanya wema, akaniuliza kama nimekuja kuosha uso wangu au kusaidia kuvuna. Nikasaidia kuvuna.

Ungedhani hadithi imekwisha. Lakini watu wa Kibondeni walikuwa wamekaa wakapiga hesabu. Choo cha Mkadam kina umri gani? Mwaka na zaidi. Ramadhani iliyopita futari yetu ilikuwa nini? Niliona hesabu ile ikipita usoni kwa kila mmoja, barazani, dukani, kisimani: inaanza kwenye paji la uso, inafika mdomoni, mtu anatema mate. Mie mwenyewe nilikumbuka sahani tatu nilizomaliza usiku wa saba wa Ramadhani ile, na jinsi nilivyoramba tui vidoleni. Mwalim Silima alisema wazi kwamba kilichoota juu ya najisi ni twahara ukikikosha, wala hakuna hitilafu katika hilo. Watu wakaitikia, wakamshukuru, wakaenda kununua muhogo.

Siku ya tatu ya mfungo nilimsindikiza Bi Mwanakhamis mjini na gunia nne. Tulifika Marikiti mapema, na habari ilikuwa imefika kabla yetu. Dalali alilitazama gunia, akatutazama sisi, akauliza ni majimbi ya wapi, kwa sauti ya mtu anayejua. Wanunuzi wakarudi nyuma na mabuibui yao puani. Nilitoka kichochoroni nikapumua, nikateremka mpaka pwani, nyuma ya majumba makubwa ya mawe. Maji yalikuwa yamekupwa. Kutoka kila nyumba lilichomoza bomba, na kila bomba lilikuwa likitiririka kidogo kidogo juu ya mchanga, na hatua ishirini mbele yake watu walikuwa wakivua dagaa wa kuuza Forodhani. Dirishani juu mwanamke alikuwa akipepea mkaa, anaanza mapema kupika futari. Mji mzima unafanya Kimkadam na haujui, nikawaza, nao ndio wanaotuzibia pua.

Niliporudi nilimwambia Bi Mwanakhamis tuhamie upande wa pili wa soko, tuseme majimbi yametoka Mwera. Nani atajua?

Alikuwa akifunga midomo ya magunia. Hakuinua kichwa. "Nimesingiziwa uongo, nimesingiziwa na kweli," alisema. "Bado unataka nijisingizie mwenyewe?"

Tukarudi na gunia nne.

Kibondeni ina desturi yake ya Ramadhani, na huko kwenu huenda ipo. Kila nyumba inapeleka sahani msikitini kabla ya magharibi. Sahani zinapangwa barazani kwenye mkeka, wanaume wanafuturu pamoja, kila mtu anakula cha kila nyumba. Sahani ikirudi tupu, mwenye nyumba amekirimiwa. Ikirudi kama ilivyokwenda, amri ya Mwalim ni kwamba hilo ni tusi, lakini Mwalim hawezi kumtia mtu tonge mdomoni. Bi Mwanakhamis alipeleka sahani ya majimbi tangu siku ya mwanzo. Siku tisa ilikwenda, siku tisa ilirudi, tui limeganda juu yake. Mikono ilikuwa ikiizunguka kama inavyozunguka shimo.

Jioni ya tisa Mkadam alimwendea. Tangu mkasa wa birika alikuwa amekonda, na finaili aliitupa, lakini jicho lake kwa ile robo halikukonda. Alimwambia amesikia ya mjini. Majimbi yale hayana tena mlaji, hapa wala kwengine, na kile kipande cha barabarani bado kipo, akikitaka leo. Kesho pengine hakipo. Bi Mwanakhamis alimwambia atamjibu kesho, baada ya futari.

Siku ya kumi aliileta sahani mwenyewe. Wanawake hawaji barazani pale wakati ule, kwa hiyo mazungumzo yalikatika kabla hajafika. Alikuwa amepika kwa tui la mwanzo, na pilipili mbuzi nzima juu, na mvuke ulipita puani kwetu sote tuliokuwa na njaa tangu alfajiri. Hakuiweka katikati ya mkeka. Aliiweka mbele ya magoti ya Mkadam.

"Shemegi," alisema, "hii ya kwako. Sote tunaogopa ladha. Wewe umekwishaionja, ukasalimika."

Kisha akasimama pale pale, mikono ndani ya kanga, akangoja.

Mcha alikwenda kuadhini. Tulifungua kwa tende, na hakuna aliyetazama tende yake. Mkadam alikuwa ameinamia sahani, jasho linamtoka juu ya mdomo. Nilimwona anavyoigeuza geuza. Asile, atakuwa ametamka mbele ya kijiji kwamba uchafu wake haukosheki, na kila atakayemwona tangu siku ile atanusa. Ale, basi majimbi yana mlaji, na robo ina thamani. Mwalim Silima alikuwa akimtazama pia, kwa upole, kama anavyomngoja mtoto aliyesahau aya.

Akamega. Akatia mdomoni, akafumba macho. Koo lilikataa mara moja, nililiona likipanda, akalilazimisha, likashuka. Halafu, bwana, sijui ilikuwa njaa au lilikuwa tui, mkono ukarudi sahanini wenyewe, bila ya kuulizwa. Tonge la tatu hakufumba macho.

Mwalim akaivuta sahani kidogo upande wake, akala. Mcha akala. Mkeka mzima ukasogea. Sahani ilipofika kwangu palikuwa na jimbi moja, na Bi Mwanakhamis alikuwa ananitazama mie sasa, mie niliyechimba karo, nikachimba na mtaro. Nilikuwa na harufu ya vyote viwili kwenye kucha. Nililitia mdomoni zima zima ili nisilifikirie, likayeyuka kabla ya kulitafuna. Lilikuwa tamu. Hicho ndicho kilichonitia kinyaa kuliko yote, kuliko mtaro na ndoo na birika: kwamba lilikuwa tamu kuliko mwaka uliopita, na kwamba niliifuta sahani kwa kidole.

Alfajiri ya pili wanawake walikuwa wamejipanga ukingoni mwa Vyurani na vikapu, kanga puani. Wa mwanzo alikuwa Bi Wanu, katumwa na mumewe. Bi Mwanakhamis aling'oa majimbi, akayatia kikapuni mwake na matope yake yote, meusi, yanadondoka, na konokono mmoja bado amejibandika. Bi Wanu aliomba kwa sauti ya chini kama angeweza kukoshewa kidogo.

"Koshea huko kwenu juu," Bi Mwanakhamis alimwambia, akiita kikapu kinachofuata. "Mumeo anasema maji ya mfereji ni mengi."